Kutu, Msasa na Alama ya Kidole

Jumapili alasiri, nyuma ya nyumba, mzee amekaa juu ya kigoda. Mfikirie kuwa ni seremala mstaafu, na mji wake waweza kuwa Moshi, Mwanza au Kisii, haidhuru. Mbele yake kuna beseni la plastiki lenye siki, na ndani ya siki vimelala vipande vya chuma: koleo mbili, spana ya namba 17, shoka lisilo na mpini. Pembeni, juu ya gunia, kuna randa kuukuu na kifuniko cha gurudumu la gari ambalo halijaonekana barabarani kwa miaka mingi. Mtoto wa jirani anapita, anaamkia, kisha anasimama kutazama.

"Babu, hivi vyuma utavifanyia kazi gani?"

"Kazi vilishafanya. Sasa navisafisha tu."

"Vikishang'aa?"

"Nitaviweka."

Mtoto anaondoka bila kuridhika, na si kosa lake. Amefundishwa kwamba jembe ni la kulimia na spana ni ya kufungulia nati. Mtu anapotumia saa sita kusugua spana ambayo haitafungua nati tena, anafanya nini hasa? Je, anatunza au anapoteza? Na kama anatunza, anamtunzia nani?

Swali hili laweza kuonekana dogo mno kuletwa mbele ya darasa la Shule ya Sabato. Lakini ndani yake yamo maswali ambayo darasa huyajadili kila robo ya mwaka kwa majina mengine: uwakili wa wakati, ukweli katika kuuza na kununua, na namna ya kuwakumbuka waliokwisha kulala. Tena linapendwa na watu wengi kuliko inavyodhaniwa. Karibu kila kanisa lina ndugu mmoja ambaye stoo yake imejaa vyuma vya zamani, na mke ambaye ana maoni yake kuhusu stoo hiyo.

Kazi yenyewe

Kutu si uchafu uliokaa juu ya chuma. Ni chuma chenyewe kilichogeuka. Maji na hewa vinapokikuta chuma kitupu huungana nacho kuwa kitu kingine, cha rangi ya kahawia, kinachochukua nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa. Ndiyo maana kutu huvimba, hupasuka na kumomonyoka, na ndiyo maana haijikomeshi yenyewe: kila tabaka linalobanduka huyafungulia maji njia ya kufika ndani zaidi. Alumini haiko hivyo. Nayo hushikwa na hewa, tena upesi sana, lakini ngozi inayofanyika juu yake ni nyembamba na imeshikamana, ikawa kinga. Shaba hufanya ukijani. Penye chumvi hewani, kama Mombasa, Tanga au Unguja, mambo haya huenda mbio. Fundi wa pwani anajua kwamba msumeno uliosahaulika nje usiku mmoja wa masika hauamki kama ulivyolala.

Kwa hiyo anayeondoa kutu hasafishi tu, bali anapunguza. Chuma kilichoondoka hakirudi. Jambo hili lishikwe, maana mengi yanayofuata yanasimama juu yake.

Grisi ya zamani huondolewa kwanza kwa mafuta ya taa na kitambaa. Kutu nzito huachiwa siki, na mara nyingi usiku mmoja watosha. Kisha kipande hupigwa brashi, husuuzwa, na kuoshwa kwa maji yenye magadi, magadi yale yale ya kulainishia maharage, ili ukali wa siki usiendelee kula. Hukaushwa saa ile ile, hata kwa kuwekwa karibu na jiko, la sivyo kutu mpya ya rangi ya chungwa hutokea kabla mtu hajamaliza kunawa mikono. Ndipo huja msasa. Msasa una namba, na namba ndogo ndiyo yenye kukwaruza zaidi: namba 80 hukwangua, 240 husawazisha, 400 hulainisha, na wenye subira huenda 800, 1000, hata 2000 kwa maji. Jambo ambalo wanaoanza huchelewa kulijua ni kwamba kazi ya kila namba ni kufuta mikwaruzo ya namba iliyotangulia. Mzee husugua kwa urefu kwa namba moja, na kwa upana kwa namba inayofuata, apate kuona kama mikwaruzo ya kwanza imekwisha. Akiruka namba kwa pupa, akitoka 80 akaenda 400, chuma kitang'aa, lakini jua likikipiga kwa ubavu mifereji ya namba 80 itaonekana yote. Mwisho huja kitambaa laini na dawa ya kung'arishia, ambayo kwa wengi ni Brasso.

Na ule mng'ao wenyewe ni nini? Ni mikwaruzo midogo mno, hata nuru inayopiga juu yake inarudi pamoja bila kutawanyika. Hakuna chuma kisichokwaruzwa. Kuna kilichokwaruzwa kwa uangalifu. Anayelijua hili kwa mikono yake ana furaha ambayo si rahisi kumweleza mtoto wa jirani, hasa ile dakika ambapo herufi zinaanza kutokea chini ya kutu: SHEFFIELD, au namba ya kiwanda, au herufi mbili zilizopigwa kwa patasi na mwenye nazo wa kwanza ili mwenzake kazini asije akajichukulia.

(Anayetumia grenda yenye brashi ya waya avae miwani, kwa kuwa nyaya hukatika na kuruka. Na rangi ya kale ya magari na mashine mara nyingi ilikuwa na risasi. Vumbi lake halifai karibu na watoto wala karibu na kamba ya nguo.)

Saa ni za nani?

Wapo watakaosema kwamba wakati ni talanta na kwamba saa sita za kusugua spana ni saa sita zilizofukiwa ardhini. Kiswahili chenyewe kimeweka onyo la namna yake. Neno uraibu, ambalo shuleni nchini Kenya hutumika kwa shughuli aipendayo mtu wakati wa mapumziko, Tanzania husikika zaidi likimhusu mtu aliyetekwa na pombe au bangi. Neno ni moja, na mpaka kati ya maana zake mbili haujachorwa popote.

Biblia inaziheshimu zana. Katika 1 Samweli 13 Wafilisti hawakuruhusu mhunzi kuwako Israeli, hivyo kila mwenye plau, shoka au mundu alilazimika kuteremka kwao ili kunoa, na kulipa. Neno la Kiebrania linalotaja malipo hayo, pim, liliwasumbua wafasiri kwa muda mrefu. Wale wa King James, mwaka 1611, walidhani ni tupa. Baadaye wachimbaji wa mambo ya kale walifukua mawe madogo ya mizani yaliyochorwa neno hilo hilo, yenye uzito wa gramu 7 na nusu hivi, kama theluthi mbili za shekeli. Kumbe haikuwa tupa, ilikuwa bei. Watu wasioweza kutunza chuma chao walikuwa watu wanaotawaliwa. Mhubiri 10:10 nayo yafundisha kwamba asiyenoa chombo butu atalipa kwa nguvu za mwili wake. Na yule mwana wa manabii wa 2 Wafalme 6, shoka lilipotumbukia Yordani, kilichomliza si kwamba kazi imesimama, bali kwamba shoka lilikuwa la kuazima.

Lakini tuwe wakweli: mafungu haya yote yanahusu zana za kazi. Hayamtetei anayesugua spana ili aiweke rafuni. Huyo anahitaji hoja nyingine, nayo ipo. Si kila kazi ya mikono inadaiwa tunda la kuuzwa. Seremala aliyeamka alfajiri kwa miaka 40 kwa ajili ya wateja, akapimiwa kila saa kwa fedha, anapopata saa moja ya kushika chuma bila mteja kumsubiri hupata pumziko ambalo kitanda hakimpi. Mikono inafanya inachokijua, akili inatulia. Hata Bezaleli katika Kutoka 31 alijazwa ujuzi wa kutengeneza vitu vizuri, wala hakuna aliyesema kwamba uzuri ule ulihitaji kuombewa radhi.

Hoja hii ina nguvu, ila ina tundu. Kumpumzisha mmoja kwaweza kuwa ni kumchosha mwingine. Rudi nyumbani kwa yule mzee na uingie jikoni. Jiko la mkaa lina mguu uliovunjika tangu mwaka jana, na mama mwenye nyumba amelitegemeza kwa kipande cha tofali. Kisu cha jikoni ni butu hata nyanya hupondeka badala ya kukatika. Nyuma ya nyumba, koleo zinang'aa. Hapo swali la kama kung'arisha kuna faida limekwisha kupitwa. Linalobaki ni nani anayezilipia saa zile, na kama aliwahi kuulizwa. Bei ya kunoa bado ipo, ila analipishwa mtu wa nyumbani. Mzee angeanza na kisu, akalipeleka jiko kwa fundi wa kuchomelea, ni yamkini asingenung'unikiwa hata kidogo juu ya randa. Wake wengi hawachukii vyuma. Huchukia kuwa wa pili baada ya vyuma.

Liko pia jua la Ijumaa. Kipande kimetoka kwenye siki, msasa wa 240 ndiyo kwanza umeanza, na kivuli cha mwembe kimeshafika ukutani. Dakika kumi tu, husema moyo, la sivyo kitashika kutu. Kweli, kitashika. Mikono yenye grisi nayo haitakati kwa dakika tano, na watoto wanasubiri nyimbo za kufungua Sabato huku baba akijisugua kwa mchanga na sabuni bombani. Hakuna haja ya hotuba ndefu hapa. Paka oili, funika kwa gunia, nawa. Kutu ya siku moja huondoka kwa msasa wa 400 Jumapili asubuhi.

Ngao za Rehoboamu

Sulemani alitengeneza ngao za dhahabu. Katika siku za mwanawe, Shishaki mfalme wa Misri akapanda Yerusalemu, akazichukua zote. Rehoboamu akatengeneza za shaba mahali pake. Kila mfalme alipokwenda nyumba ya Bwana, walinzi walizichukua, kisha wakazirudisha chumbani mwao. Habari hii iko katika 1 Wafalme 14, mistari michache tu, na kwa kawaida husomwa upesi. Lakini mtu aliyewahi kushika kitambaa na dawa ya shaba hawezi kuipita hivi hivi. Shaba isiyosuguliwa hufifia. Iliyosuguliwa vizuri, kwa mbali, yafanana na dhahabu. Kitabu hakisemi nani aliyezisugua ngao zile. Ni vigumu kutomfikiria.

Je, mtu huyo alikuwa akitunza, au akificha? Jibu halimo ndani ya shaba. Kama kila mtu Yerusalemu alijua kwamba dhahabu imekwenda Misri, basi ngao za shaba zenye kung'aa zilikuwa heshima ya watu walioshindwa lakini hawakukata tamaa. Kama zilinyanyuliwa ili mgeni adhani hazina bado imejaa, zilikuwa uongo. Mng'ao ni ule ule. Kinachobadilika ni kile anachokijua anayetazama, na kile ambacho aliyesugua anataka ajue.

Hapa jambo linaingia sokoni. Katika mitaa ya vipuri kama Gerezani jijini Dar es Salaam, au ile ambayo Nairobi bado inaitwa Grogan, kipuri kilichosafishwa huuzika kuliko chenye kutu. Kizuri chajiuza. Kijana aliyejifunza kung'arisha kwa mapenzi yake hugundua siku moja kwamba mapenzi yake yana soko, na hapo majaribu huanza, kwa sababu kusafisha chuma kuna tabia mbili zinazopingana.

Kwa upande mmoja, kusafisha hufichua. Wakaguzi wa mitambo husafisha chuma kwanza, kisha hupaka rangi nyepesi inayopenya, ili ufa usioonekana kwa macho uchore mstari. Tena nyufa za uchovu wa chuma mara nyingi huanzia kwenye mkwaruzo wa juu, kwa hiyo kipande kilicholainishwa vizuri chaweza kudumu kuliko chenye mifereji. Anayesugua kwa uaminifu humpa mnunuzi ukweli zaidi kuliko alivyoukuta.

Kwa upande mwingine, kung'arisha kwaweza kudhoofisha huku kukipendezesha, na hili ndilo wengi hawaambiwi. Tumbuo la patasi au ulimi wa randa ukishikwa kwenye grenda kwa haraka hupata joto. Rangi huja kwanza ya majani makavu, na ukikaribia nyuzi 300 hugeuka bluu. Bluu hiyo huondoka kwa kitambaa na dawa dakika moja. Ugumu uliokwisha kupotea haurudi. Patasi inang'aa kuliko ilivyotoka kiwandani, na haikai makali hata kwa mbao ya msonobari. Springi na bolti za chuma kigumu sana zikilazwa kwenye asidi zaweza kunywa hidrojeni, zikawa kavu kwa ndani. Kwa macho ni mpya, siku ya mzigo hukatika ghafla bila kupinda. Na bampa la krome? Ile krome ni ngozi nyembamba kuliko unywele mara nyingi, juu ya nikeli. Msasa mkali huitoboa, na chuma cha chini huanza kulia kutu mvua ya kwanza.

Land Rover ni mfano mzuri kuliko yote. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, bodi yake ilikuwa ya aloi ya alumini, kwa kuwa chuma nchini Uingereza kilikuwa cha mgao baada ya vita. Bodi hiyo haishiki kutu kamwe, na ikisuguliwa yaweza kung'aa kama sufuria ya arusi. Chesisi chini yake ni ya chuma, tena ni kama boksi lenye uwazi ndani, na huoza kuanzia ndani kwenda nje. Gari laweza kupigwa picha na kusifiwa na mtaa mzima huku fremu inayolibeba imekuwa kama biskuti iliyochovywa chai. Anayeliuza anajua, kwa sababu alilala chini yake.

Mnunuzi anauliza, "Ni nzima hii?" Kijana anajibu, "Nimeisafisha yote." Kila neno la jibu hilo ni kweli, na jibu zima ni uongo. Mkono wa usukani uliopakwa puti penye ufa, ukasuguliwa, ukapakwa rangi, hautamdhuru aliyesugua. Utamdhuru dereva wa daladala na abiria wake kwenye mteremko. Na yupo anayefikia hatua ya msasa kupita juu ya namba ya chesisi. Huyo hang'arishi tena, anafuta ushahidi, hata kama gari alilinunua kihalali na namba ile aliiona tu kuwa chafu. Darasa likikaa juu ya jambo hili, lisiwaangalie wezi, ambao wana mahakama yao. Liwaangalie ndugu waaminifu ambao hawajasema uongo hata mmoja na bado mnunuzi ameondoka akiamini lisilo kweli.

Ya baba iko wapi?

Mwaka 1849 Mwingereza John Ruskin, katika kitabu chake juu ya taa saba za usanifu wa majengo, alishambulia ukarabati wa majengo ya kale uliokuwa ukipendwa wakati wake. Aliuita uongo: jiwe lililochongwa upya si jiwe la mhenga, na alama za mikono yake zikishakwanguliwa hakuna awezaye kuzirudisha. William Morris na wenzake walianzisha chama cha kulinda majengo ya kale mwaka 1877 kwa msimamo wa namna hiyo: zuia uharibifu, usifanye kipya. Na mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaowaongoza wahifadhi hadi leo, unasema kwamba kurejesha kunapaswa kukoma pale kubahatisha kunapoanza.

Ruskin alizidisha, kama kawaida yake. Kutu inayobanduka ikiachwa kwa heshima ya historia itamaliza historia yenyewe pamoja na chuma. Lakini wenye uzoefu wanatofautisha mambo mawili. Iko kutu hai, ile ya chungwa inayoacha unga kidoleni. Hiyo inakula, na iondolewe. Na iko rangi ya umri, nyeusi-kahawia, iliyotulia, laini kwa kuguswa. Hiyo haili kitu, na mara nyingi ndiyo habari yenyewe. Wapare wa Ugweno walikuwa mabingwa wa kufua chuma tangu zamani. Ukoo wa Washana ulijulikana kwa kazi hiyo, na chuma chao kilinunuliwa hata na Wachaga, muda mrefu kabla wamisionari Waadventista kutoka Ujerumani hawajafika Giti, Upare Kusini, mwaka 1903. Jembe lililotoka kwenye mivukuto ile halikupigwa muhuri wa kiwanda. Sahihi ya mhunzi ni mabonde madogo ya nyundo yake. Mwenye jembe la namna hiyo akilipitishia msasa hadi namba 2000 atapata kioo kizuri, naye atakuwa amefuta jina pekee lililokuwapo.

Sasa mfikirie kijana ambaye baba yake, seremala, amefariki. Miongoni mwa vitu vilivyobaki ni randa moja, ya Sheffield, yenye mpini wa mti mgumu. Kutu imeshika ubavu wote. Kijana anampenda baba yake. Anaichukua kimya kimya, anakwenda nayo mjini anakofanya kazi, na kwa Jumapili nne anaisugua. Anaondoa kutu, rangi nyeusi iliyochakaa ya ndani, madoa ya gundi. Mpini ulikuwa na bonde upande mmoja, mahali kidole gumba cha baba kilipokaa kwa miaka, na jasho lilikuwa limeufanya mweusi. Anaupiga msasa hadi ukawa sawa, anaupaka vanishi. Anarudi nyumbani na kuiweka mikononi mwa mama yake.

"Mama, tazama. Imekuwa mpya."

Mama anaishika kwa mikono yote miwili. Anaigeuza. Kidole chake kinatafuta kitu kwenye mpini.

"Ndiyo, mwanangu, ni mpya. Ya baba yako iko wapi?"

Kijana hakutenda dhambi kwa maana ya kuvunja amri fulani. Alifanya kwa upendo, na kazi yake ilikuwa nzuri. Fundi yeyote angemsifu. Lakini alichukua uamuzi ambao haukuwa wake peke yake. Chuma alirithi. Alama zilikuwa za mwingine pia, na mwingine huyo hakuulizwa, kwa sababu haikumpitia akilini kwamba uchafu ule waweza kuwa mali ya mtu. Alipotazama mpini aliona kasoro ya kusawazishwa. Mama yake, kila alipofagia chumba cha kazi, alikuwa akitia kidole chake ndani ya bonde lile. Jambo hilo hakuwahi kumwambia mtu. Nani angeona haja ya kulisema?

Hapa ndipo kung'arisha kunapofanana na mambo mengine ambayo watu wema huyafanya kwa wenzao. Mzee wa kanisa anayesimulia mazishini maisha ya marehemu akaacha kila kosa lake. Binti anayeitupa mikeka ya mama yake aliyezeeka na kumnunulia zulia. Mchungaji kijana anayepiga rangi kanisa la kijiji na kufunika majina ambayo waanzilishi waliyachora kwenye saruji ikiwa mbichi. Wote wanatunza, na wote wanapunguza. Darasa linaweza kubishana kama kijana alipaswa kuuliza kwanza, au kama mama alipaswa kupokea zawadi bila neno lile. Pande zote mbili zina la kusema. Ila msasa hauna namba ya kurudisha.

Mama hakukasirika. Aliiweka randa juu ya kabati, wakala chakula, na kijana akalala na uzito kifuani. Alikaa siku nne. Siku ya kuondoka aliishusha ili aifute vumbi, maana ndilo jambo pekee alilojua kuifanyia. Kwa haraka ya kutaka kuionyesha alikuwa amesahau kuipaka oili, na chuma kilichosuguliwa hadi kuwa kitupu hushika kila kitu. Kwenye ubavu unaong'aa, mahali mama alipoishika, jasho la vidole vyake lilikuwa limefanya kazi. Alama ya kidole gumba ilikuwa imechorwa kwa kutu nyembamba ya kahawia, mistari yake yote ikionekana.

Kipande cha msasa wa 400 kilikuwa mfukoni mwa begi lake. Ilikuwa kazi ya dakika moja. Alisimama nayo dirishani kwa muda, akiigeuza kwenye mwanga. Kisha akaenda uani, akatafuta chupa ya oili ya cherehani ya mama, akachovya kidole, akapaka juu ya ile alama taratibu bila kusugua, ikae kama ilivyo na isiendelee kula, akairudisha randa juu ya kabati.